Chai Ambayo Mzee Zaid Hakuimwaga

Mzee Zaid alipenda kikombe kijae mpaka ukingoni. Ukimletea chai iliyopungua hata kidole kimoja, alikirudisha jikoni mwenyewe akasema, "Mama Muigai, mimi si mgonjwa. Jaza." Halafu alikibeba, akapita mlangoni, akamruka mtoto wangu aliyekuwa akitambaa sakafuni, akaketi kwenye meza ya sebuleni, na kisahani kilikuwa bado kikavu. Alikuwa na miaka sabini, au sabini na mbili. Hata yeye hakuwa na hakika, maana karani aliyeandika kitambulisho chake alimkadiria kwa macho tu.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea. Watu wengi wanaomkumbuka pale mtaa wa Kahawa Sukari wanajua ile habari ya uongo, na mimi ndiye niliyeiacha itembee.

Alizaliwa Thika, Majengo. Baba yake alikuwa Mganda Mwislamu, mpishi wa wazungu wa reli, na mama yake msichana wa Gatanga. Kwa hivyo Mzee alizungumza Kikuyu kama sisi wengine, ila aliposali au alipokasirika. Akikasirika alirudi kwenye Kiswahili, tena kwa sauti, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekufa nusu. Miaka thelathini na mitatu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika. Mashine mia mbili zikipiga kelele pamoja, yeye akilala chini yao na spana. Mkono wake wa kushoto ulikosa kidole cha mwisho. Nilipomuuliza kilienda wapi, aliniambia, "Kimevaliwa. Kuna mtu Kisumu ana shati lenye kidole changu." Nilicheka mpaka nikaogopa kuamsha mtoto.

Mkewe alipofariki, binti yake Amida alimtoa Majengo akamleta kwake Kahawa Sukari. Huyo ndiye aliyekuwa ameniandika kazi. Mimi nilimwita Mama Sumeya, kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni. Mumewe aliendesha malori ya kwenda Kampala, akaonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mimi nilitoka mtaa wa Landless, Thika, kila asubuhi na Muigai mgongoni, nikafua, nikapiga deki, nikapika chakula cha mchana, na saa kumi nikarudi Thika. Si kila mwajiri anakubali mtoto wa miezi minane ndani ya nyumba yake. Mama Sumeya alikubali. Hilo nalisema mapema ili ieleweke nilikuwa naogopa kupoteza nini.

Mama Sumeya alikuwa mpiga chapa. Wanafunzi wa chuo kikuu walimletea kazi zao ndefu zilizoandikwa kwa mkono, naye akazipiga chapa usiku na mchana. Zamani alitumia taipureta. Halafu, mwaka wa tisini na sita, kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Dubai akamtumia laptop, ile kompyuta ya kukunja, nyeusi, nzito kama mkate wa mawe. Mtaa mzima ulikuja kuiona. Wengine waliuliza kama inapika.

Ile laptop ilikuwa imeshaanguka kabla sijaijua. Mama Sumeya alikuwa anashuka gari Ruiru, mkanda wa begi ukakatika, ikapiga lami kwa pembe. Alikaa chini pale pale stendi akalia mbele ya watu. Lakini alipoifungua ikawaka. Pembe ilikuwa imepasuka na bawaba moja ya kifuniko imevunjika, basi. Tangu siku hiyo ikawa fahari yake. Mwanafunzi akija na wasiwasi wake, "Mama, kazi yangu haitapotea kweli?" yeye alijibu, "Hii ilianguka Ruiru kwa lami na bado inaandika. Wewe ukianguka hapo utaandika?"

Ila baada ya kuanguka haikufunga tena. Mzee Zaid aliifungia bawaba ya bati aliyoikata kwenye mkebe wa majani ya chai, akaikaza na misumari midogo kama ya saa. Kazi safi sana. Lakini kifuniko kilisimama nusu, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno.

"Hii sasa itakuzika wewe," Mzee alimwambia binti yake. "Mashine inavumilia kugongwa. Isiyovumilia ni maji."

"Baba, nani atamwaga maji hapa? Hapa ni mashine na mimi tu, na mimi sinywi kitu nikiandika."

Sasa nije kwa vitambaa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi zetu, hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na kitambaa, thamosi, viti, hata mtungi wa maji. Na vingi nilivifuma mimi. Mikono yangu inajua kazi hiyo kuliko nyingine yoyote. Niliacha shule darasa la nane, lakini ukinionyesha ua moja la kufuma nitakutolea lote. Mama Sumeya aliponiomba cha kufunika laptop, kwa ajili ya vumbi na macho ya wapita njia, nilikaa wiki tatu nikifuma. Kilikuwa cheupe, chenye maua kumi na mawili, kikubwa kuliko vyote. Wageni walipokuja walikigusa kabla ya kusalimia.

Kila Ijumaa nilivifua vyote. Kitambaa cha kufuma kikifuliwa tu kinalegea kama ulimi. Lazima ukikaze. Wengine wanatumia wanga wa dukani. Sisi nyumbani tulitumia sukari: unachemsha maji, unatia sukari, unachovya kitambaa, unakikamua kidogo. Halafu hukianiki kwenye kamba, maana kitashika umbo la kamba. Unakivalisha kitu chenyewe. Cha thamosi unakivalisha thamosi, cha bakuli unakilaza juu ya bakuli. Kikikauka kinasimama kama kilivyokaa, kigumu, kizuri. Kwa kawaida nilivianika nje kwenye jua hivyo hivyo, juu ya mikebe na masufuria yaliyofanana na vitu vyake.

Ule mwaka wa tisini na saba, mwezi wa kumi na moja, jua halikuwepo. Ni ile mvua watu waliyoiita El Niño. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, nepi za Muigai zikanuka uvundo kwenye kamba ya jikoni. Ijumaa hiyo vitambaa vilishinda vikiwa vimelowa. Saa tisa na nusu vilikuwa bado vinatoa maji ukivibonyeza. Mama Sumeya alikuwa ameenda Ruiru kununua karatasi, na kwa mvua ile angelala huko; Jumapili alitarajia wageni. Nikasema, wacha nivivalishe vitu vyenyewe humu ndani, kesho vitakuwa vimekauka. Nikavivalisha. Cha thamosi, cha redio. Na kile kikubwa nikakivalisha laptop.

Hata leo nakumbuka nilivyokivuta kwa pembe ili maua yakae sawa. Kifuniko kilichosimama nusu kilikiinua kitambaa kama hema, na katikati kikalegea kwa uzito wa maji, pale pale juu ya herufi. Nilikiona kimelegea. Nikakinyoosha. Nikafikiri: kitu kilichopiga lami ya Ruiru kitaogopa kitambaa? Nikambeba mtoto, nikamuaga Mzee, nikaenda zangu.

Jumamosi nilipofika, mlango ulikuwa wazi na Mama Sumeya alikuwa amesimama juu ya laptop na buibui lake bado mabegani. Kitambaa kilikuwa pembeni kwenye kiti. Kilikuwa kimekauka vizuri ajabu, kimesimama peke yake kama kofia ya keki.

"Haiwaki," aliniambia. "Nyawira, haiwaki. Na herufi zimeshikana. Ona." Akabonyeza moja, ikaingia na haikutoka. Akaweka kidole mdomoni. "Ni tamu."

Moyo wangu ulijua kabla ya akili.

Mzee Zaid alitoka chumbani na kikombe mkononi. Mama Sumeya akakiangalia kile kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Mezani, kando ya laptop, kulikuwa na duara la chai ya jana yake, maana Mzee hukaa pale kila jioni akingoja habari za redio.

"Baba," alisema polepole. "Jana ulikaa hapa?"

"Eh?"

"JANA ULIKAA HAPA NA CHAI?"

"Kila siku nakaa hapo na chai. Kuna nini?"

"Umemwagia kompyuta chai."

"Mimi?" Alicheka. "Mimi simwagi chai."

"Ni tamu, Baba! Nimeionja! Ni nani mwingine anakunywa chai ya sukari tano hapa? Tena umeifunika na kitambaa nisione. Kama mtoto!"

Kikombe kilikuwa mkononi mwake na mimi nilikuwa nakiangalia. Hakikutetemeka. Alikiweka mezani, akainama juu ya laptop, akabonyeza herufi ile ile, akanusa kidole. Kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa kunishuku. Aliniangalia kama mtu anayeomba msaada.

"Mama Muigai, wewe uliniona nikimwaga?"

"Sikuona, Guka," nilisema. Kwetu guka ni babu, na ndivyo nilivyomwita.

Lilikuwa neno la kweli. Hakuna uongo niliowahi kusema ulionichoma kama neno hilo la kweli.

Nilikichukua kitambaa, nikakikunja, kikavunjika kwa sauti ya majani makavu, nikakipeleka jikoni nikakitumbukiza kwenye maji. Nilijiambia nakifua. Muigai alikuwa mgongoni akinivuta sikio.

Kwa kuwa nilikaa Thika, Mama Sumeya alinipa laptop niipeleke kwa Barasa, fundi wa redio na televisheni karibu na soko, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kugusa kompyuta. Alikuwa na hofu zaidi ya kazi ya mwanafunzi mmoja, Wamalwa, kurasa mia na ishirini, ambazo kumi na tano za mwisho alikuwa hajaziweka kwenye disketi. "Mwambie Barasa afanye yote," alisema, "lakini Wamalwa asipotee." Niliifunga kwa leso ya mtoto nikaibeba kifuani, mtoto nyuma.

Barasa aliifungua mbele yangu. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono midogo sana. Alitoa herufi moja moja na bisibisi, akaziweka kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kujipaka.

"Wanasema ni nini?"

"Chai," nilijibu.

"Chai ya rangi?"

"Ya maziwa."

Aliinua kibodi kwenye mwanga, akanusa, akailamba kwa ncha ya ulimi. "Dada yangu, mimi nimelamba redio nyingi. Chai ya maziwa inaacha utando na inanuka kama kwapa. Hii haina maziwa. Hii haina hata majani. Ni sukari na maji." Akachukua kibano, akavuta kitu kutoka katikati ya herufi. Kilikuwa uzi mweupe, urefu wa kope. "Na hii ni nini? Kompyuta imeanza kuota mvi?"

Aliniangalia, akaangalia mkoba wangu ambamo kulabu ya kufumia ilikuwa imechomoza, akaachilia pumzi.

"Haya. Mimi ni fundi wa mashine, watu siwafungui. Rudi Jumatatu."

Jumatatu alinipa habari nzuri. Wamalwa alikuwa mzima, kurasa zote. Ndani hakukuingia sana, maana ile sukari ilikuwa nzito ikashika juu. Skrini iliwaka baada ya kukaushwa siku mbili. Kibodi tu ndiyo ilikuwa imekufa, naye akachomeka nyingine kubwa ya nje, ya kompyuta ya mezani, kwa waya. "Mwambie mwenyewe hii ni ng'ombe," alisema. "Imeanguka, imekunywa, na bado inatembea. Vidole tu ndio vimekufa." Halafu akasema, bila kuniangalia, "Akiuliza ni nini kilimwagika, mwambie ukweli. Asije akaiweka tena palipo na unyevu."

Mama Sumeya aliuliza. Ndilo lilikuwa swali lake la pili baada ya Wamalwa.

"Fundi amesema ni chai?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu vimejaa matope. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa ameinamisha sikio lake zuri kwa upande wetu.

"Amesema ni chai," nilisema.

Ijumaa nilikuwa nimekosea kwa kutojua. Jumamosi nilinyamaza. Jumatatu nilisema kwa mdomo wangu. Nikiwa kwenye kitanda changu Landless nilizipanga siku hizo tatu na kuona jinsi nilivyoshuka, ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi nilisema hii ndiyo ya mwisho. Baba Muigai nilipomweleza alisema, "Nyamaza. Mzee atapigwa? Hatapigwa. Wewe utafukuzwa." Nikanyamaza.

Ni kweli, hakuna aliyempiga. Alipewa kikombe cha Sumeya, cha plastiki, cha rangi ya waridi, chenye kifuniko na tundu la kunywea. Alikipindua akakiangalia chini kama mashine asiyoijua. "Hiki kinaanzia wapi?" aliniuliza. Meza ya sebuleni ikawa si yake tena, akawekewa stuli karibu na mlango wa jikoni. Mama Sumeya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa. Alianza kumuuliza maswali kama ya mtihani: "Baba, leo ni siku gani? Baba, swala umesali? Umesali ngapi?" Jirani akija kumpa pole ya kompyuta, alisema kwa sauti ya chini, akidhani Mzee hasikii, "Mzee ameanza kusahau. Tena anaficha."

Na Mzee akaanza kuamini. Hilo ndilo sikulitarajia. Nilifikiri atabisha, maana alikuwa mbishi. Lakini nilimkuta Jumatano akiwa peke yake kwenye stuli, midomo ikitembea. Nilidhani anaomba dua. Nikasogea. Alikuwa anataja sehemu za mashine ya kiwanda, moja baada ya nyingine, kutoka juu mpaka chini, na alipofika mahali fulani alikwama, akafumba macho, akaanza tena. Alhamisi mkono wake ulitetemeka. Niliuona kwa macho yangu. Alikuwa ameshika kile kikombe cha waridi kwa mikono miwili, na kifuniko kilikuwa kinagonga meno yake.

Siku hiyo hiyo dada yake Mama Sumeya, Hayat, alipiga simu kwenye kibanda cha jirani. Wakakubaliana. Jumapili angekuja kumchukua Mzee ampeleke Majengo, kwake, kwenye chumba cha nyuma, ambako kuna mtu wa kumwangalia wakati wote. "Ni kwa usalama wake," Mama Sumeya aliniambia, akaniagiza nifue nguo zake zote. Mzee aliambiwa jioni. Aliuliza tu, "Kwa Hayat wananiruhusu kuwasha jiko?"

Nilifua. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mashati yake yalikuwa manne, yote ya kiwanda, kola zimegeuzwa kwa mkono wake mwenyewe, mishono midogo, iliyonyooka. Nilipokuwa nakamua la tatu nilishindwa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta kwenye stuli. Mama Sumeya alikuwa sebuleni anapiga chapa na ile kibodi kubwa, tap tap tap. Nilipiga magoti ili nifikie sikio lake zuri, maana sikutaka kupaza sauti. Nilitaka kusema kwa kunong'ona, na kiziwi hanong'onezwi. Hata hapo nilikuwa bado nataka kujificha.

"Guka, si wewe uliyemwaga."

"Eh?"

"SI WEWE ULIYEMWAGA. NI MIMI."

Ule mlio wa kibodi ulikoma sebuleni.

Nilimweleza yote, kwa sauti hiyo ya juu, kama mtu anayetangaza sokoni. Kitambaa, mvua, sukari. Uzi wa Barasa. Mzee alinisikiliza kichwa kimeinama, na nilipomaliza aliuliza maswali, lakini si yale niliyoyaogopa.

"Sukari vijiko vingapi?"

"Vitano, Guka."

"Ya kitambaa kimoja?"

"Vyote."

"Ulikikamua?"

"Kidogo. Ukikamua sana hakishiki."

Alitikisa kichwa kama fundi. Halafu uso wake ukabadilika, akakiweka kile kikombe sakafuni, mbali naye.

"Siku saba," alisema. "Wewe mwanamke. Siku saba nimekaa hapa nikijitafuta. Nimejiuliza kama nimefunga zipu. Nimejiuliza kama mke wangu amekufa kweli au nimeota. Na wewe unapita hapa na ndoo yako, unaniambia habari ya asubuhi, Guka."

Nililia. Yeye hakulia, wala hakuniambia nyamaza. Muigai alishika suruali yake ili asimame, na Mzee akamwacha amshike, lakini hakumwangalia.

Mama Sumeya alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kutoka wapi, nafikiri mtaa mzima ulisikia.

"Uliniambia fundi amesema ni chai," alisema. "Nilikuuliza. Ulisimama hapo."

"Ndiyo, Mama Sumeya."

"Nikamwambia nani na nani kuhusu baba yangu! Nimemwambia kaka yangu Dubai! Kwa simu!" Alinyanyua mkono nikafikiri atanipiga, na ningeshukuru. Lakini aliuweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaketi pale pale sakafuni mbele ya babake, kwenye kizingiti cha jikoni palipokuwa na maji.

"Baba, nisamehe. Huendi popote. Nitampigia Hayat sasa hivi."

"Usimpigie."

"Baba—"

"Nasema usimpigie. Nguo zimeshafuliwa." Alizungumza Kiswahili, lakini kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Huyu amedanganya kwa kuogopa kazi. Sawa. Namwelewa, nimefanya kiwandani miaka thelathini na mitatu, nimeona watu wakidanganya kwa kuogopa kazi. Lakini wewe, Amida, hukudanganywa Jumamosi. Jumamosi hakuna aliyekuambia kitu. Uliangalia kikombe changu ukaamini. Uliamini upesi sana."

Nilitamani ardhi ya Kahawa Sukari ifunguke inimeze pale, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya mtu na binti yake, na mimi ndiye niliyeyafungua nikabaki nimesimama katikati.

Jumapili Hayat alikuja, na Mzee Zaid alienda. Hakupelekwa, alienda mwenyewe. Alibeba begi lake mpaka garini. Haikuwa siku yangu ya kazi, lakini nilisikia baadaye kwamba Mama Sumeya alimshika mkono mpaka gari likaanza kutembea.

Jumatatu nilirudi kuchukua vyombo vya mtoto, nikijua nimefukuzwa. Mama Sumeya alinifungulia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilianza kukusanya nepi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Nikikufukuza wewe," alisema, "mimi nitafukuzwa na nani?" Akarudi kwenye kibodi yake. Akasema, bila kugeuka, "Lakini utaenda kwa mama wa nyumba ya kijani, na kwa yule wa dukani, na kwa Wamalwa. Utawaambia. Mimi nimeshindwa."

Nilienda. Mama wa nyumba ya kijani alinisikiliza, akasema, "Aa, pole. Lakini hata hivyo alikuwa mzee." Yule wa dukani alikuwa na wateja, akanikatiza, hakusikia mwisho. Wamalwa ndiye peke yake aliyeuliza Mzee anaendeleaje. Nilielewa siku hiyo kwamba neno baya nililoliacha litoke sitalirudisha lote nyumbani, hata nitembee nyumba kwa nyumba mpaka Muigai aende shule.

Kutoka Landless mpaka Majengo si mbali. Ilinichukua miezi miwili kufika. Nilipiga hodi mwezi wa kwanza, mvua ilikuwa imepungua kidogo, na nilikuwa na mkate na pakiti ya maziwa kwenye mfuko. Hayat ndiye aliyefungua. Alikuwa na sura ya babake, na kimo chake.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nyawira. Nafanya kazi kwa dada yako."

Hakusogea mlangoni. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Ndani kulikuwa na wanaume wawili watatu, wenzake Mzee wa zamani wa kiwandani kwa sauti zao, wote wakipiga kelele kama viziwi. Kisha nilisikia sauti yake ikiuliza, "Ni nani huyo, Hayat?"

Hayat aliniangalia tu. Aliniachia nijibu mwenyewe. Nikajibu kwa nguvu, na wapita njia wakageuka.

"Ni mimi, Guka! Nyawira! Yule wa laptop!"

Muigai alijinyoosha mgongoni.

"Mwambie aingie," Mzee alisema. "Lakini asiguse kitu!"

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa, na Hayat mwenyewe akacheka, akanipisha. Nilicheka pamoja nao, maana ndivyo ilivyopasa. Nikaingia, nikaonyeshwa kiti, nikaketi. Nilikaa saa nzima. Mzee aliwaonyesha wenzake jinsi Muigai alivyojifunza kutembea, akamtembeza kutoka kiti hadi kiti. Mikono yangu niliiweka mapajani, nikaifumbata, na sikuitoa hapo mpaka nilipoaga.